Barabara inakuja, mwanangu atapita wapi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Naishi Mbagala. Mwanangu ana miaka 11, anatumia kiti mwendo. Mtaa wetu utawekwa lami na mitaro. Kikao kiliitwa Jumanne saa nne asubuhi, mimi nipo sokoni nauza mboga. Nilipoulizia, nikaambiwa wananchi wamesharidhia. Nifanyeje?
Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wananchi gani hao? Jumanne saa nne muuza mboga yuko sokoni, mwanafunzi darasani, kibarua kazini. Mwandikie mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa mtendaji na diwani, uombe kikao kingine jioni au Jumapili, kabla mchoro haujapitishwa. Itaje Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri hupotea.

Kisha nenda na kitu cha kuonyesha. Mama yangu alipoanza kutembelea fimbo, nilikuwa nampeleka kliniki kila mwezi. Hadi kituo cha daladala, mwendo wa dakika tano kwangu, tulitumia nusu saa. Kilichotushinda ni mtaro wa mbele ya duka la Mangi: mbao mbili zimelazwa juu, katikati pana mwanya. Fimbo ilizama humo, mama akaanguka, magoti yakachubuka. Mafundi walipokuja kupima barabara nilimpa mmoja wao ile fimbo, nikamwomba avuke nayo. Alivuka mara mbili, akainama, akapima ule mwanya, akauandika.

Tazama mabasi ya mwendokasi ya hapa Dar es Salaam, njia ya Kimara hadi Kivukoni, yaliyoanza 2016. Jukwaa la kituo liko usawa wa sakafu ya basi, kiti mwendo kinaingia bila mtu kubebwa. Nafurahi kila nikiona. Ila anayetoka uchochoroni Manzese, mchanga na mitaro mitupu, kituo chenyewe atakifikaje? Ndiyo maana nakwambia udai mifuniko ya zege, mteremko kila penye kivuko, na njia ya waenda kwa miguu isiyogeuzwa maegesho ya bodaboda. Taa pia, kwa ajili yenu mnaorudi usiku na matenga.

Kwenye kikao nenda na mtoto, mwenyewe aeleze gurudumu linakwama wapi. Waite na wanafunzi wanaoachwa na makonda kituoni kwa sababu ya nauli yao ndogo. Ukipata tarehe niandikie. Ikiwa Jumapili, nitapanda gari nije Mbagala.