Setilaiti inasema Tanga hewa safi, kifaa cha Ngamiani kinakataa

Mkuu, umeuliza nani muongo: ramani ya TROPOMI, kipimo cha gesi kilichoko kwenye setilaiti, inayoonyesha Tanga haina shida, au kifaa chako cha kupima hewa huko Ngamiani ambacho namba zake hupanda kila jioni. Nina kifaa kama hicho huku Chumbageni, nimeishi nacho kaskazi na kusi. Hakuna muongo hapo, ila unalinganisha vitu viwili tofauti.

Zile rangi za ramani ni naitrojeni dayoksaidi, gesi ya magari, meli na mitambo. Chako kinapima vumbi laini, PM2.5. Tena TROPOMI, iliyomo kwenye setilaiti ya Sentinel-5P iliyorushwa 2017, inajumlisha gesi yote kuanzia ardhini kwenda juu, kwenye kipande cha kilomita 5.5 kwa 3.5. Kwa mji wetu, Ngamiani, bandari na bahari vinaweza kuingia kapu moja.

Halafu kuna suala la saa, na hili ndilo kubwa. Setilaiti inapita mchana, saa saba na nusu hivi. Upepo wa bahari umeshaingia, majiko ya vitumbua yamezimwa zamani. Wewe unasoma saa mbili usiku, mtaa mzima unakaanga samaki kwa mkaa. Watakutana wapi?

Kama shida yako ni vumbi, tafuta ramani za vumbi la angani za MODIS, kipimo kingine cha setilaiti, chukua namba za kifaa za saa ileile setilaiti inapopita, na siku za mawingu zitupe. Masika utabaki na chache sana. Vipimo vya gesi vya TROPOMI wataalamu huvihakiki kwa Pandora, kifaa cha ardhini kinacholielekea jua na kusoma mwanga uliomezwa na gesi njiani. Nacho kinajumlisha hewa yote ya juu, kwa hiyo ulinganisho ni wa haki. Hata hivyo, kwenye miji michafu sana TROPOMI imeonekana kusoma pungufu, hata kwa nusu.

Na hivi vifaa vyetu vya bei nafuu navyo vina vituko. Alfajiri changu hupanda bila moshi wowote, ukigusa bati linachuruzika umande: mwanga wa leza unaohesabu chembe ndani yake hauchagui tone na vumbi. Mchana vumbi la barabarani linatanda mezani mpaka unaandika jina kwa kidole, kioo cha kifaa kinasema safi, kwa sababu chembe nene hakizioni vizuri.

Umekitundika wapi lakini? Kama dirisha la jikoni kwa jirani liko karibu, kihamishe, kisha leta namba za mchana tuzione.