Msimpeleke mgeni mahali, mpelekeni kwenye msimu

Swali lenu la wiki hii linasema ukipata mgeni ambae hajawahi kukanyaga Tanzania, na ukaambiwa umpeleke sehemu moja tu nje ya Serengeti, Kilimanjaro na fukwe za Unguja ili aijue nchi, utampeleka wapi. Nimelifikiria sana hili swali kwasababu kazi yangu ni kuzunguka. Nauza vitenge, mashuka na vyombo, nafuata minada na magulio, na mtu wa biashara hii haangalii ramani ya mikoa, anaangalia nani kavuna na nani kalipwa. Kwahiyo jibu langu ni hili: muulizeni kwanza mgeni anakuja mwezi gani, ndio mjue pa kumpeleka. Kila mkoa wetu una wakati wake ambao unajionyesha wote, ardhi yake, hela yake, ngoma zake na hata ugomvi wake, na wakati huo ni msimu wa zao lake, ukienda miezi mingine utaona majani tu.

Nianze na kusini maana ndiko nilikokaa sana na ndiko watu wengi hawakujui. Mtwara na Lindi zamani zilikua kama zimekatwa na nchi, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa pale Rufiji 2003, kabla ya hapo ilikua kivuko na masika watu walikwama siku nyingi. Ukishafika Mtwara mjini usiishie baharini, panda juu Tandahimba na Newala, kule kwenye uwanda wa Wamakonde. Ardhi ya kule ni mchanga mwekundu, maji hayakai juu yanazama yote, visima ni shida na watu wamebeba ndoo kutoka mabondeni vizazi na vizazi, ila huo huo mchanga ndio mkorosho unaupenda. Ukisimama ukingoni pale Newala, panaitwa Shimo la Mungu, unaliona bonde la Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo, na ukigeuka nyuma ni mikorosho mpaka macho yachoke.

Kazi inaanza mapema, mwezi wa sita wa saba watu wanapuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga maua yasikauke, kijiji kizima kinanuka salfa. Kuanzia Oktoba mikorosho inadondosha, kina mama na watoto wanaokota, wananyofoa korosho kwenye bibo, mabibo mengine yanakamuliwa yanakua pombe ya uraka, na hapo sasa kila baraza lina watu. Alafu ndio mnada. Miaka ya nyuma nilikua najipenyeza hata mimi ambae sina hata mti mmoja: barua za wanunuzi zinafunguliwa mbele za watu, bei zinasomwa moja moja, wakulima wamekaa chini ya mwembe kimya kabisa, karani anataja bei na tani, alafu wanaulizwa mnauza hamuuzi? Na kweli nimeona wakikataa, wazee wanainuka wanapangusa makalio wanaondoka, na wanunuzi inabidi wajipange upya. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka korosho ghalani anapewa risiti na mzigo unauzwa mnadani, ulianza kusini 2007 na mimi nautetea, pamoja na kwamba malipo yakichelewa sisi wachuuzi tunalala na mzigo, kwasababu kabla ya hapo mkulima alikua anapimiwa na mtu aliekuja na mizani yake na bei yake. Siku hizi mnada unapita kwenye mfumo wa kompyuta wa TMX, lile soko la bidhaa la Tanzania, Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na nawaambieni ule mwaka kusini kulikua na furaha ya kweli.

Furaha yenyewe inaonekana hivi. Wiki ya malipo wa kwanza kuuza ni wa mabati. Nyumba ya nyasi inavuliwa asubuhi, jioni inang'aa. Alafu zinafata godoro, pikipiki, ada za shule, na mimi vitenge vyangu vinatoka kwa jora sio kwa pande, maana likizo ya Desemba inakuja na jando na unyago, na mama ambae mtoto wake anatoka unyagoni hawezi kuvaa nguo ya mwaka jana, na shangazi zake nao wanataka sare. Huko ndiko utasikia ngoma za kimakonde zikipigwa kwa sababu yake, sio za kumchezea mgeni hotelini. Vinyago vya mpingo watalii wanavinunua Mwenge pale Dar, lakini ule udongo na ile jamii iliyovizaa iko huku juu kwenye uwanda usio na maji.

Na mwaka mbaya pia mgeni angeuona. Msimu wa 2018 wanunuzi walitoa bei ya chini, wakulima wakagoma, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba mzigo. Mpaka hela zikafika mikononi ilichukua muda, na ule muda harusi zilisogezwa mbele, mafundi ujenzi wakakaa, maduka ya mitaani yakaanza madaftari ya madeni. Hapo ndio utajua kwamba bei ya kilo ya korosho ndio inaamua nani anaoa mwaka huu.

Sasa toka kusini nenda kaskazini magharibi kabisa, Kagera, uone nchi nyingine kabisa ndani ya nchi hii hii. Bukoba mvua inanyesha karibu mwaka mzima kutokana na ziwa, kijani kinakuumiza macho. Lakini angalia vizuri: kuna vilima vya nyasi tupu, rweya, na katikati yake kuna visiwa vya migomba ambavyo ndio vibanja. Ule udongo mweusi wa kibanja haukuumbwa hivyo, umetengenezwa na watu, mababu na mabibi walibeba nyasi na samadi wakaweka chini ya migomba miaka na miaka, kwahiyo ukikanyaga kibanja cha Mhaya umekanyaga jasho la ukoo, na ndio maana kuuza kibanja kule ni jambo la kuitisha kikao. Chini ya migomba kuna mibuni ya robusta, chini ya mibuni kuna maharage. Ukikaribishwa unapewa kahawa ya kutafuna, imechemshwa na majani yenye harufu nzuri ikakaushwa, unaimung'unya taratibu mnaongea.

Mgeni wa mwezi wa tano mpaka wa nane ataikuta kahawa inaanikwa. Mgeni wa Novemba ataikuta senene, na hiyo sijaona popote pengine. Usiku watu wanawasha taa kali, wamesimamisha mabati yanang'aa, chini yake mapipa, senene wanafata mwanga wanagonga bati wanateleza ndani ya pipa, na watu hawalali. Asubuhi kina mama wanakaa makundi wananyonyoa mabawa na miguu, vidole vinaenda kasi huku stori zinaendelea, ikifika mchana wamekaangwa na kuna vifurushi vimeshapandishwa basi kwenda kwa watoto wao Dar.

Kuna kitu kimoja kinachounganisha Kagera na Mtwara japo ni mbali mno, na kinaniuma. Kusini kuna kangomba, mtu anapita majumbani kabla ya mnada ananunua korosho kwa bei ya kutupa kwa mwenye njaa. Kagera kuna butura, kahawa inanunuliwa ikiwa bado ua mtini, mtu amepata mgonjwa au ada inadaiwa anauza mavuno ya miezi ijayo kwa hela ya leo. Sheria zimewekwa, mikutano imeitishwa, na bado vipo, kwasababu njaa ya mwezi wa pili haisubiri mnada wa mwezi wa kumi. Nimewaona kina mama, wateja wangu kabisa, msimu unafika jirani anasherehekea wao hawana hata gunia maana walishalila zamani. Mgeni akionyeshwa ngoma asionyeshwe na hili atakua ameonyeshwa nusu.

Kusini mwa Ziwa Victoria, Usukumani, ni habari nyingine. Shinyanga, Simiyu, Mwanza, ardhi imefunguka, mbuga nyeusi ambazo mvua ikinyesha gari linazama na jua likiwaka zinapasuka, huku na kule majabali yamepangana utadhani mtu kayaweka. Simiyu ndio pamba yenyewe. Mavuno yanaanza mwezi wa tano, ikifika wa sita wa saba hela imeingia, jua sio kali, kazi ya shamba imepungua, basi ndio msimu wa kushindana ngoma. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu, na mtu anazaliwa nyumba ya upande mmoja kama watu wa mjini wanavyozaliwa Simba au Yanga. Wanapangiana uwanja mmoja, siku moja, saa ile ile, kila upande unacheza kivyake, na hakuna jaji wa kutoa maksi, anaeshinda ni yule watu waliekimbilia kumtazama. Kwahiyo kila mwaka lazima uje na kitu kipya: chatu shingoni, sanamu inayotembea, nguo za ajabu, na wachezaji wa Wagobogobo wanarusha majembe juu wanayadaka kwa mdundo, jembe lile lile walilolimia pamba. Ukikosa uwanja wa kijijini nenda Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, mwezi wa sita kuna sherehe ya Bulabo.

Kule hela ya pamba haiendi kwenye bati kwanza, inaenda kwenye ng'ombe, kwasababu ng'ombe ndio benki na ndio mahari. Mi nauza mashuka na masufuria makubwa, na wananisalimia vizuri, mwadila mayu, wananiwekea michembe kwenye kikapu niondoke nayo, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa ili visubiri ukame. Shinyanga pia wana ngitili, sehemu ya malisho inafungwa mvua nzima ili kiangazi ng'ombe wapate majani, ni utaratibu wa wazee na miti imerudi sehemu nyingi ambazo zilikua jangwa. Kwangu hiyo ni akili kubwa, na mgeni akitoka bila kuonyeshwa ngitili nitasikitika.

Sehemu zingine nitapita haraka sio kwamba ni ndogo. Njombe mwezi wa sita wa saba ni baridi ya kuuma mifupa, hapo nauza mablanketi na masweta tu, vilima vya chai na miti ya mbao na sasa parachichi kila mahali, watu wameng'oa mahindi wakapanda parachichi, na msimu wa mvua ulanzi unagemwa kwenye mianzi asubuhi na jioni. Singida chupa za mafuta ya alizeti zimepangwa barabarani. Dodoma zabibu kwenye ukame ule ule wa mibuyu, na malimba na zeze za Wagogo. Moshi nendeni Desemba Wachagga wakiwa wamerudi, maana kihamba, lile shamba la ukoo, kinataka mwenyewe. Tanga kuna mkonge ambao hata sio wa kwetu, 1893 Mjerumani mmoja anaitwa Hindorf aliagiza miche kutoka Florida na iliyofika hai ni 62 tu, kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyovuta manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, kusini mpaka nje ya nchi, na wajukuu zao wengi ni Watanga wa leo. Na Pemba, jamani Pemba, sio Unguja, msimu wa karafuu vijana wako juu ya miti mirefu wanachuma, zimeanikwa kwenye majamvi kila uwanja, harufu unaipata ukiwa bado kwenye gari hujashuka.

Ila mmesema sehemu moja, na sitaki kukwepa. Kama mgeni yuko huru kuchagua mwezi, aje Novemba akae mpaka likizo ya Desemba na nitampeleka Newala. Sababu ni kwamba kule ndani ya wiki chache ataona kila kitu kwa pamoja: ardhi ngumu iliyowapa watu utajiri wao, mkulima anaekubali au kukataa bei, aliyedhulumiwa na kangomba akiwa jirani na aliyelipwa vizuri, bati jipya, ngoma za watoto wanaotoka jandoni. Asipande ndege mpaka Mtwara tu akarudi. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ni kilomita 210, kipande cha mwanzo cha kilomita 50 mpaka Mnivata kina lami, baada ya hapo aulize kwanza hali ya barabara, na ajiandae na malori ya korosho. Akifika aulize mnada wa korosho ni siku gani, awahi asubuhi, na anunue kitenge kabla ya malipo kutoka maana baada ya hapo bei inapanda.