Kabla hujapanda jukwaani kumtetea Mungu

Kijana mmoja niliyempa maksi ndogo kwenye mdahalo mwezi uliopita ameniandikia Jumapili usiku, ujumbe mrefu wa lawama. Mada ilikuwa kama Mungu yupo. Yeye aliinua simu yake juu, akauliza ukumbi: "Hii ilijitengeneza yenyewe?" Makofi yakalia. Sasa anataka kujua ni jaji gani huyu anayekata maksi kwa hoja ambayo hakuna aliyeijibu.

Mdogo wangu, hiyo ilijibiwa zamani, na mimi nina kovu lake.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliazima saa ya mkononi ya mjomba, nikapanda nayo jukwaani. Hoja yenyewe ni ile aliyoiandika William Paley, kasisi Mwingereza, mwaka 1802: ukiikuta saa porini hutasema imekuwapo tu kama jiwe, utajua ina aliyeitengeneza, basi na jicho ni vivyo hivyo, na ulimwengu pia. Nikaiinua taratibu, kwa madaha. Jamaa wa safu ya mbele akapaza sauti: "Mbona inasema saa nne na sasa hivi ni saa tisa?" Betri ilikuwa imekufa. Ukumbi mzima ukacheka mpaka basi.

Hilo ningelivumilia. Aliyenimaliza ni dada wa upande wa pili, alisimama hana hata karatasi. "Jahazi huundwa na mafundi wangapi?" Nikasema wengi. "Na jahazi la kwanza la fundi anayejifunza huwaje?" Kimya. "Basi hoja yako inatupa miungu wengi, au mmoja ambaye bado anajifunza kazi. Wewe unamwomba yupi?"

Baadaye maktabani nikagundua alichota kwa David Hume, mwanafalsafa Mskoti aliyefariki 1776. Yaani nilipigwa na marehemu aliyekuwa kaburini miaka 26 Paley alipochapisha! Miaka imepita, lakini nikikumbuka kile kicheko masikio yanapata moto.

Kwa hiyo, kabla hujauliza kama hoja ni ya kweli, uliza imebeba nini. Paley hata ukimkubalia kila kitu hakufikishi kwa Mungu unayemlilia alfajiri. Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa zamani, ana uzito zaidi: kila kilichoanza kuwapo kina kisababishi, ulimwengu ulianza kuwapo, basi nao unacho. Hapo mpinzani itabidi ahangaike na huo mwanzo. Mwaka 1948, kwenye redio ya BBC, mwanafalsafa Bertrand Russell, akipinga hoja ya jamaa na hiyo, alimwambia padri Mjesuiti Frederick Copleston kwamba kila mtu ana mama, lakini haifuati kwamba jamii ya binadamu ina mama. Wengi huishia hapo wakishangilia. Hawasomi jibu la padri: yeye hakuwa akitafuta mama mwingine wa foleni ileile, alitafuta sababu iliyo nje ya foleni. Soma jibu, ndugu. Soma na jibu la jibu.

Hoja ya kumpinga Mungu ninayoiogopa mimi ni ya mwanafalsafa William Rowe, ya mwaka 1979. Moto wa msituni unamuunguza mtoto wa kulungu, analala akiteseka siku kadhaa, kisha anafa, hakuna aliyemwona. Ukisema mateso yanatokana na hiari ya binadamu, kulungu huyu hayumo. Niliisoma mwaka aliofariki dada yangu, wiki tatu baada ya maziko, na nikaacha kusali karibu mwaka mzima. Nilijitangazia kuwa nimeshindwa kwa hoja. Uongo. Ule ulikuwa msiba umevaa koti la falsafa, na Rowe mwenyewe, asiyeamini, aliandika humohumo kwamba mtu anaweza kumwamini Mungu na bado akawa na akili timamu.

Basi usipime ukiwa matangani. Usipime ukiwa na hasira, wala ukiwa umetoka kupigiwa makofi. Vijana mnataka kushinda, hamtaki kujua! Mnakariri hoja kama namba za simu, mtu akiwauliza swali moja la jahazi mnakodoa macho. Nyenyekeeni kwanza.

Maksi zako hazirudi, matokeo yalishatangazwa. Ila nikiri jambo moja: ulipoinua ile simu, kalamu yangu ilikuwa imeshaandika namba kabla hujafungua mdomo.