Kwa wenye mnaanza kazi supamaketi hapa Nairobi

Wadogo zangu wenye mmepigiwa simu wiki hii mkaambiwa mripoti Jumatatu asubuhi na viatu vyeusi, hongereni sana, hii ni yenu. Niko kwa hii kazi mwaka wa kumi na mbili sasa, nimepanga rafu, nimekaa kwa tili, pale mteja analipia, nimepokea mizigo huko nyuma, na saa hii ni supavaiza wa shifti ya jioni kwa branchi moja huku Eastlands. Kila kundi jipya likiingia naona wanafundishwa mashine na venye wanafaa kusalimia mteja, basi, lakini kuna mambo hakuna mtu huwaambia mpaka siku yawaume, na mimi sipendi kuona mtoto wa watu analia kwa loka wiki ya pili.

Kwanza elewa ni nyumba gani unaingia. Branchi moja ya supamaketi kubwa inalisha watu wengi kuliko venye unaona kwa mlango. Kuna nyinyi wenye mmeandikwa na supamaketi yenyewe, kuna walinzi wa kampuni ingine, kuna wa usafi wa kampuni ingine tena, kuna wenye wameletwa na ajenti, alafu kuna wale vijana wa unga na sabuni na maziwa, wako hapo kila siku wanapanga bidhaa za kampuni yao na hawalipwi na supamaketi hata shilingi. Wote mnavaa eproni, wote mteja anawaita "wewe wa hapa". Kwa hivyo kabla usaini angalia juu kabisa ya mkataba jina la mwajiri ni la nani. Nimeona kijana ameangukiwa na katoni za mafuta kwa stoo, mkono umevunjika, na hapo ndio anagundua hakuwa mtu wa supamaketi, alikuwa wa ajenti mwenye ofisi yake hata hajawahi kuiona.

Na nje ya mlango kuna wengine. Mama mboga, watu wa boda, yule wa kuchoma mahindi, shule zenye huleta watoto wa atachment, wale wa kujifunza kazi, wote wamejipanga na ile branchi. Siku tulifunga wiki moja tukirekebisha stima mama wa mahindi aliniuliza mara tatu tunafungua lini.

Sasa tili. Siku yangu ya nne peke yangu nilifunga saa tatu usiku, tukakaa kwa kile chumba kidogo cha kuhesabu, noti za elfu huku, za mia huku, sarafu zimepangwa kumi kumi kama minara, na nikapatikana na shoti, yaani pesa imepungua, shilingi 1,850. Nilihesabu mara nne. Supavaiza wangu wa wakati huo, dada mmoja mpole sana, akaniambia nisihesabu tena nikae nikumbuke, nani alilipa na elfu na nani alisema amelipa na M-Pesa. Nikamkumbuka jamaa alinionyesha meseji kwa simu yake, foleni ilikuwa ndefu, nikaangalia meseji nikasema sawa. Meseji haikuwa ya kweli, na ile pesa nililipa. Tangu hio siku huwa siangalii simu ya mteja, naangalia kama pesa imeingia kwa mashine yetu, na kama haijaingia naomba mtu kwa upole asimame kando kidogo nihudumie mwingine. Mteja akikupea noti kubwa usiitupe kwa droo mbio mbio, iweke juu ya droo mpaka umrudishie chenji, ndio asikuambie alikupea elfu na ni mia tano.

Kwa hayo mambo ya shoti mjue sheria inasema nini, ju wengi wanakatwa tu wakinyamaza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inakubali mwajiri akate pesa zenye zimepungua kama ni uzembe wako ama umekosa uaminifu, na mkataba wako umeandika wazi kwamba kazi yako ni kupokea na kutunza pesa. Kwa hivyo kashia anaweza katwa. Lakini wewe wa kupanga rafu ama wa kupaki huwezi ambiwa mchange wote ju tili ya fulani imepungua. Na makato yote yakijumlishwa hayafai kupita theluthi mbili za mshahara, lazima ubaki na kitu. Ukikatwa bila kuelezwa uliza kwa maandishi, kwa heshima, bila kupiga kelele kwa floo.

Alafu kuna kitu naona ndio kubwa kabisa na hakiko kwa mafunzo yoyote. Unafanya kazi mtaani kwenu ama karibu na kwenu. Kwa foleni yako kuna mwalimu wako wa praimari, kuna landilodi, kuna mama ya mwenye mlikuwa naye kwa kwaya. Siku moja jioni, tarehe kama ishirini na kitu hivi, mama mmoja alikuwa kwa tili ya msichana mpya, ameweka unga, mafuta ya nusu lita, sukari, na kipande cha sabuni. Jumla ikatoka, mama akafungua leso, akahesabu, haikufika. Akasema kwa sauti ya chini atoe sukari. Sasa kutoa kitu chenye kimeshapita kwa mashine lazima supavaiza akuje na ufunguo, na yule msichana bila ubaya wowote akasimama akaita kwa sauti, "Supavaiza! Anatoa sukari, pesa haitoshi!" Watu kumi na mbili kwa foleni wakageuka. Yule mama aliangalia chini, akaacha kila kitu akatoka. Anaishi nyuma ya stage, mimi namjua, na ilichukua miezi kabla arudi kwetu. Kwa hivyo kwa shifti yangu sheria ni moja, inua mkono tu, usiseme kitu, nitakuja, na nikifika uniambie pole pole. Hio inachukua sekunde ishirini na inamwachia mtu heshima yake.

Na huo ujirani una upande mwingine wenye utakujaribu. Rafiki yako atakuja na mafuta mbili akuambie "pitisha moja tu bana". Ama binamu. Ama mtu wa ploti yenu mwenye alikukopesha unga ukiwa huna kazi, na huyu ndio mgumu kuliko wote. Mimi hutuma hao watu kwa tili ya mwingine kabla wafike kwangu, namwambia wazi, ukikuja kwangu utafanya nifutwe kazi. Kamera iko juu ya kichwa chako na stoku huhesabiwa, itajulikana tu. Mwenye anakupenda ataelewa, na mwenye hataelewa ni heri akasirike leo.

Kupanga rafu sitakaa sana, kazi yenyewe utaifunza kwa wiki moja. Iliyoingia kwanza itoke kwanza, bei ya kwa rafu ilingane na ya kwa mashine, na usipange maziwa mapya mbele ati ndio kazi iishe haraka.

Wacha niongee juu ya kitu chenye kiliniumiza. Mahali nilianzia hii kazi, na sitapataja, palikuwa pakubwa, tulidhani hapawezi kuanguka. Dalili nilianza kuziona nikiwa kwa upande wa kupokea mizigo. Dereva wa lori ya mkate akakuja bila mkate, akauliza ofisi ya malipo iko wapi. Mkulima wa mayai kutoka Kiambu, mtu anajulikana kwa jina na kila mtu hapo nyuma, akaanza kukaa kwa ile benchi kutoka asubuhi akingojea cheki. Alafu tukaambiwa tuvute kila kitu mbele ya rafu, mstari mmoja tu, nyuma hakuna kitu, na sehemu yenye ilikuwa ya mafuta tukajaza tishu na maji ya chupa mpaka mwisho. Mteja akiona tishu mita kumi anajua. Anaenda kwingine, mauzo yanashuka, wenye wanaleta bidhaa wanalipwa kidogo zaidi, wanapunguza zaidi, na mwisho mshahara unaanza kuchelewa. Mpangilio ni huo. Wakenya wameona majina makubwa yakienda, Uchumi yenye ilianzishwa 1975 iliingia mikononi mwa mrasimu, yule wa kusimamia kampuni yenye imeshindwa na madeni, 2006 ikarudi ikalemewa tena, Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki na Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, Tuskys nayo ikafuata kufunga milango miaka michache baadaye. Leo Naivas iko na matawi zaidi ya 100 na Carrefour yenye ilianzia Karen 2016 imesambaa, na nawaombea wote mema kabisa, ju kila branchi yenye iko wazi ni karo ya watoto wa watu. Lakini ukiona tishu mita kumi, anza kujipanga.

Sisi tulifunga na mshahara wa miezi miwili haujalipwa. Nilikaa nyumbani miezi mitano. Mwenye aliniokoa ni mzee mmoja wa hadwea, alikuwa mteja wangu, kila Jumamosi alikuwa anapanga foleni kwa tili yangu hata kama ingine iko tupu. Alinikuta kwa stage, akauliza mbona hanioni, nikamweleza. Akaniambia, "Wewe ulikuwa unanirudishia mpaka ile shilingi moja, njoo unishikie kaunta." Nilikula hapo kwa mzee mpaka nikaitwa hii kazi niko nayo sasa.

Lakini kuna wenzangu walidai haki zao wakakosa pa kuanzia ju hawakuwa na karatasi hata moja, kila kitu kilikuwa kwa kompyuta ya ofisi na ofisi imefungwa. Kwa hivyo kutoka mwezi wa kwanza piga picha peisilipu yako na mkataba wako ujitumie kwa imeli. Angalia mwenyewe kama pesa ya NSSF, ile akiba ya uzeeni, inafika, na ile ya SHA ya bima ya afya, usingoje uwe hospitali na mtoto. Likizo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba. Kazi ikiondolewa ju biashara imepungua, malipo ya kuachishwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka umefanya, na ukiondoka kwa njia yoyote dai cheti chako cha utumishi, ni haki yako. Chama cha wafanyakazi cha sekta yetu ni KUCFAW, uliza kama branchi yenu ina mwakilishi na umjue kabla umhitaji.

Za Jumatatu basi. Beba kitambulisho, PIN ya KRA ya ushuru, cheti cha good conduct cha polisi, na kama utagusa chakula beba cheti cha afya, hicho hurudiwa kila miezi sita. Beba kopi, orijino ubaki nazo. Kama shifti yako inaisha usiku tafuta mapema wenye mnaelekea nao njia moja, Pipeline na Pipeline, Kayole na Kayole, mtoke pamoja mpaka stage, usione haya kuuliza hata wenye hamjazoeana. Na kabla ujue tili yako ni gani, uliza mlango wa dharura uko wapi, utembee mpaka hapo kwa miguu yako, uusukume uone kama unafunguka. Moto wa Nakumatt Downtown wa Januari 2009 uliua watu zaidi ya 20 katikati ya mji mchana. Ukikuta katoni zimepangwa mbele ya huo mlango zitoe, na ukiulizwa nani amekutuma kuzitoa sema ni supavaiza, alafu unitafute.