Maswali ya Wasomaji: Duka limebeba friza yangu nikiwa nimebakiza miezi mitatu

SWALI: Ninauza juisi na samaki wa kukaanga karibu na Soko la Majengo, Dodoma. Nilichukua friza dukani kwa mkataba wa kulipia kidogo kidogo, kianzio Sh 240,000, kisha Sh 80,000 kila mwezi kwa miezi 12. Nililipa kianzio na miezi 9, kisha mwanangu akalazwa nikashindwa kulipa miezi 2. Nikiwa hospitalini, vijana wa duka walifika nyumbani, wakamkuta binti yangu wa miaka 13, wakaibeba. Sasa wanadai Sh 160,000 za miezi hiyo pamoja na faini ya Sh 5,000 kwa siku, ambayo imefika Sh 200,000, la sivyo wataiuza na nilicholipa hakirudi. Je, wana haki? (Mama Lishe, Nkuhungu)

JIBU: Pole sana, mama, kwa kuuguliwa. Umekwisha kulipa Sh 960,000 kati ya Sh 1,200,000, na kwa maoni yetu si haki hata kidogo duka lichukue friza na fedha zote hizo kwa pamoja. Hata hivyo, kutolipa miezi 2 ni kuvunja mkataba, na Sh 160,000 hizo ni deni halali.

Tazama kwanza mkataba unasema friza inakuwa mali yako lini. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, umiliki huhama pale pande zote mbili zilipokusudia uhame. Kama mliandikiana kwamba umenunua na unabaki na deni, friza ni yako na duka linakudai fedha tu. Kama mliandikiana kwamba unaikodi mpaka awamu ya mwisho, duka bado ni mmiliki, lakini mikataba ya namna hiyo ina sheria yake mahususi ya mwaka 1966, ambayo sasa ni Sura ya 14, na ni vyema mwanasheria aupime mkataba wako kwa sheria hiyo.

Kuhusu faini tunataka usikate tamaa, kwa sababu hapa ndipo wateja wengi huogopa na kuacha mali yao. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba hata pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyevunjiwa hustahili fidia ya kadiri inayofaa, isiyozidi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba Sh 5,000 kwa siku ni ukomo tu, wala duka halipati haki ya kuzichukua zote kwa sababu uliweka sahihi. Faini ya Sh 200,000 juu ya malimbikizo ya Sh 160,000 ni jambo ambalo hakimu anaweza kulihoji na kulipunguza hadi kadiri inayofaa.

Namna walivyoichukua nayo inatusikitisha, kwani mtoto wa miaka 13 hana mamlaka ya kukabidhi mali ya mama yake, na kama waliingia ndani bila ruhusa ya mtu mzima, hilo unaweza kuliripoti polisi.

Usisubiri waiuze. Andika barua leo, ukieleza ugonjwa wa mwanao, ukiahidi kulipa Sh 160,000 kwa tarehe unayoimudu kweli, ukipinga faini na kutaka friza isiuzwe. Kisha uipeleke dukani na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa na aliyeipokea. Kusanya risiti na ujumbe wa miamala ya simu, kwa kuwa maneno ya mdomo hayatakusaidia. Ukihitaji msaada usio na malipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nawe unaweza kuuliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri wanapopatikana. Duka likikataa kupokea barua au kuzungumza nawe, ipeleke nakala hiyo pamoja na risiti zako katika mahakama iliyo karibu nawe, ufungue madai na uombe friza izuiwe kuuzwa hadi shauri lisikilizwe.