Ubao wa mlango wa Beetle: anza na maji, leza baadaye

Ukifungua mlango wa Volkswagen Beetle ya zamani hapa Dar, tazama chini kabla ya kutazama usukani. Mara nyingi utakuta ule ubao wa ndani uliovikwa leza, yaani ngozi ya bandia, umevimba, umejikunja, na klipu za chini zimeachia. Ubao mpya unaweza kuagizwa nje, ila kusafirisha kitu kipana na chembamba namna ile kunauma mfukoni. Wa kung'oa kwenye gari bovu nao huwa umeoza vilevile. Ndiyo maana wengi wetu tunautengeneza nyumbani, na wewe unayeanza unaweza pia.

Wangu wa kwanza haukumaliza masika. Nilikuwa na hamu ya kuona leza mpya inang'aa, nikakata hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, nikaivika, nikapachika, nikaita majirani waje kuona. Kufika mwezi wa tano ukingo wa chini ulikuwa laini, unabonyea kwa kidole. Sikuwa nimejiuliza ule wa zamani uliuawa na nini.

Mlango wa gari umeundwa kwa kujua kwamba maji yataingia. Mvua inateremka kwenye kioo, inapenya kwenye raba, inashuka tumboni mwa mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Kati ya chuma na ubao panatakiwa kuwe na karatasi isiyopitisha maji. Fundi wa kwanza aliyetengeneza kioo aliichana, wa pili akaitupa, na tangu hapo ubao unakunywa maji kila mvua. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1957 na tena 1962, kwa hiyo matope na mvua za kwetu inazijua. Hadibodi haina uvumilivu huo.

Basi kabla ya kununua chochote, toa ubao wa zamani. Mkono wa kuzungushia kioo kwenye Beetle za baadaye umeshikwa na skrubu iliyojificha chini ya kifuniko cha plastiki, na kwenye za zamani zaidi kuna pini. Chunguza kwanza, usivute. Ubao wenyewe ubandue kwa kisu butu kipana kilichozungushiwa kitambaa, ukikiingiza jirani kabisa na kila klipu. Ukibandua katikati ya klipu mbili, unapasua. Kisha zibua vitundu vya chini kwa waya, pandisha kioo, mwagia maji kwa nje na utazame yanakopita. Yakitoka yote chini, uko salama. Yakichuruzika upande wako, kwanza kagua vitundu na raba.

Baada ya hapo ndipo ubandike nailoni nzito kwenye chuma. Ukingo wake wa chini uingize ndani ya mlango, ili tone likishuka lirudi tumboni. Ukiuacha unaning'inia nje, unayaelekeza maji kwenye ubao.

Sasa kipimo. Usiuamini ubao wa zamani, hasa chini, kwa sababu kilichovimba kimeshabadilika umbo. Uchore juu ya boksi gumu, kata, peleka mlangoni, punguza, peleka tena. Mimi huwa natumia jioni nzima kwenye boksi na sijawahi kuijutia. Kupata matundu ya klipu, paka rangi ya mdomo kuzunguka kila tundu la mlango, kisha gandamiza boksi: alama zinabaki zenyewe. Boksi la kushoto ukiligeuza unapata la kulia, lakini lijaribu, maana mlango uliowahi kugongwa na kunyooshwa hauko tena sawa na mwenzake.

Hadibodi ya milimita 3 inatosha. Ikate ipungue milimita moja hadi mbili kila upande, kwa sababu leza na gundi vitaizunguka na kula nafasi hiyo. Wanaoanza karibu wote husahau hapa, wakaishia na ubao mzuri usioingia. Ukishatoboa matundu yote, paka vanishi pande zote mbili, na kingo uzipake mara tatu. Maji huanzia kwenye kingo na kwenye matundu.

Sponji iwe nyembamba, milimita 3 hadi 5. Niliwahi kuweka ya milimita 10 nikidhani nafanya jambo la kifahari, mkono wa kioo ukakosa meno ya kushika kwa sababu ubao ulikuwa umenenepa. Ikabidi nibandue kazi ya siku mbili.

Gundi ya fundi viatu inafaa, ilimradi uulize kama inastahimili joto, kwani gari lililofungwa juani linakuwa tanuri. Paka pande zote mbili, subiri ikauke isishike kidole, ndipo uunganishe, na ujue huna nafasi ya pili. Fanya kazi nje, mbali na jiko. Mvuke wake unalewesha na unashika moto.

Kuvika leza, anza katikati ya kila upande ukielekea kwenye kona. Penye mviringo, kata vipembe vidogo upande wa nyuma ili isijikunje. Inyooshe tu, usiivute kwa nguvu: leza iliyovutwa sana hurudi ikipata joto na kuupinda ubao kama upinde. Ukitumia pini za bunduki ya kupigilia, chagua za milimita 4 na uzipige kwa kulalia kidogo, la sivyo zitachomoza mbele.

Ile mistari ya leza iliyogandamizwa kiwandani kwa joto sijaweza kuiiga nyumbani, na sikushauri ujaribu. Peleka leza na sponji kwa fundi makochi pale Keko kabla ya kubandika, mchoree mistari kwa chaki, akupigie mshono. Ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye cherehani nzito, na mlango unapata sura yake.

Boksi la kipimo usilitupe. Andika upande na tarehe, litundike ukutani. La kwangu la upande wa dereva limeshatoa mbao tatu, mbili kati ya hizo kwenye magari ya watu wengine.