Uliza Ujibiwe: Mbona In Utero Inakwaruza Hivi?

SWALI: Nevermind, albamu ya bendi ya roki ya Nirvana, naijua nje ndani. Juzi nimepata albamu yao iliyofuata, In Utero. Gitaa linakwaruza, mwimbaji kama amezama. Nakala yangu ni mbovu? Na bendi yetu ndogo inaweza kupata dramu zile? Msomaji, Arusha.

JIBU: Nakala yako ni nzima. Kwenye Nevermind (1991) prodyuza Butch Vig alimrekodi mwimbaji Kurt Cobain sauti juu ya sauti, na miksi (kuchanganya na kusawazisha sauti zote) ya Andy Wallace ikapiga pasi kila kitu. Ikauza mamilioni, na bendi ikaona imeng'arishwa kupita kiasi. Februari 1993 wakaenda studio ya Pachyderm, jimbo la Minnesota, kwa fundi wa kurekodi Steve Albini. Huyu alikataa mrabaha, yaani mgawo wa mauzo. Alitaka alipwe mara moja tu kama fundi bomba, akachukua dola 100,000. Kurekodi na kumiksi kulikwisha ndani ya wiki mbili hivi.

Kampuni ya rekodi ililalamika, na bendi yenyewe ikaingiwa na wasiwasi kwamba besi na maneno havisikiki vizuri. Bob Ludwig akavipandisha wakati wa kuandaa nakala ya mwisho, na prodyuza Scott Litt akamiksi upya nyimbo mbili, Heart-Shaped Box na All Apologies. Zisikilize hizo kisha rudi kwenye Scentless Apprentice, iliyobaki na miksi ya Albini: utasikia chumba kizima kikitetema nyuma ya dramu. Kwangu mimi huo ndio uhai wa albamu hii.

Sasa dramu zenu. Siri ni chumba, maana Albini alitega maiki nyingi mbali na ngozi za dramu. Tafuteni ukumbi wa sakafu ngumu na dari ya juu. Chumba kidogo chenye zulia hakitatoa kitu. Kazeni ngozi kwanza, kwa sababu ngozi iliyolegea haitibiwi na miksi. Wekeni maiki moja kwenye dramu kubwa ya mguu, moja kwenye dramu ndogo (snare), mbili juu. Hizi za juu zipimeni kwa uzi kutoka katikati ya dramu ndogo: zikipishana hata sentimeta 20, pigo litavutwa upande mmoja na kupoteza mshindo. Mbili za mwisho zikae sakafuni kabisa, mita 3 kutoka kwenye dramu. Zikiinuliwa, mwangwi wa sakafu utagongana na sauti inayokuja moja kwa moja. Sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo hapo mmepata 9. Kwenye kompyuta zicheleweshe maiki hizo za sakafuni milisekunde 10 hadi 20 zaidi, ukumbi utaonekana mkubwa zaidi.

Dramu kubwa ikikonda mnapofungua maiki zote, geuzeni fezi ya maiki yake, yaani mawimbi yake yapinduliwe juu chini. Ikirudi kunguruma, iacheni hivyo. Na msiibane sauti kwa kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) wakati wa kurekodi, kwa sababu kilichobanwa hakirudi.

SWALI: Nikinunua, nichukue toleo gani? Msomaji, Mombasa.

JIBU: La kawaida la 1993 linatosha. Ukitaka kulinganisha, chukua toleo pana la 2013: lina miksi za Albini za nyimbo zile mbili kabla ya Litt, pamoja na miksi mpya ya albamu nzima. Ukiona wimbo wa Rape Me umeandikwa Waif Me, hilo ni toleo la 1994 lililorekebishwa kwa ajili ya maduka ya Marekani ya Wal-Mart na Kmart. Jalada la nyuma limebadilishwa, na Pennyroyal Tea imemiksiwa na Litt.